FRUS, nyaraka za bure za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani: zinafaa kiasi gani kumsoma Lodge, seneta aliyegeuka balozi?

Wanafunzi wa historia na uhusiano wa kimataifa hapa Unguja na Pemba, wakipewa kazi ya kuandika juu ya mwanasiasa wa Marekani wa karne ya 20, wengi hukimbilia muhtasari mmoja wa intaneti na kuunakili. Hakuna haja hiyo. Ofisi ya Mwanahistoria ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imeziweka telegramu, kumbukumbu za vikao na barua za mabalozi wake kwenye tovuti ya history.state.gov. Mkusanyo unaitwa Foreign Relations of the United States, na wanaoutumia huuita FRUS. Ulianza kuchapishwa mwaka 1861, na tokea 1991 ipo sheria inayotaka nyaraka zitolewe ndani ya miaka 30 baada ya tukio. Haulipiwi, hauhitaji kujisajili, na kwa kuwa kurasa zake ni maandishi matupu, hufunguka hata kwenye simu ya bei nafuu yenye bando dogo.

Kuupima mkusanyo kama huu kunataka mtu mmoja wa kumfuatilia kutoka mwanzo mpaka mwisho. Henry Cabot Lodge Mdogo anafaa, kwa sababu nusu ya maisha yake ya kazi ilikuwa Baraza la Seneti na nusu ya pili ilikuwa ubalozi. Na matokeo ya kumpima yako wazi: kwa Lodge balozi, hii ni huduma bora kuliko nyengine zote za bure. Kwa Lodge seneta, karibu haina kitu, na asiyelijua hilo mapema hupoteza siku nzima akitafuta kisichokuwepo.

Kwanza mtu mwenyewe, kwa ufupi. Alizaliwa 1902 Nahant, Massachusetts, akasoma Harvard, akafanya kazi ya uandishi wa habari, kisha akaingia bunge la jimbo. Mwaka 1936 alimshinda James Michael Curley na kupata kiti cha Seneti. Februari 1944 alijiuzulu kwenda vitani Ulaya, seneta wa kwanza kufanya hivyo tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Alirudi Seneti 1947. Mwaka 1952 alishughulika mno na kampeni ya kumpeleka Eisenhower Ikulu, na kiti chake mwenyewe kikachukuliwa na kijana John F. Kennedy kwa tafauti ya kura zipatazo 70,000. Eisenhower akamteua balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, kazi aliyoifanya kuanzia 1953 mpaka 1960, alipogombea umakamu wa rais pamoja na Nixon wakashindwa, tena na Kennedy. Halafu Kennedy huyohuyo akampeleka Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, awe balozi, 1963. Akarudi tena Saigon 1965 mpaka 1967, akawa balozi Ujerumani Magharibi 1968 hadi 1969, akaongoza ujumbe wa Marekani kwenye mazungumzo ya Paris ya kumaliza vita vya Vietnam 1969, na kuanzia 1970 hadi 1977 akawa mjumbe wa rais huko Vatikani. Alifariki 1985.

Tatizo la mwanzo atakalokutana nalo msomaji ni jina. Ukiandika Lodge kwenye kisanduku cha kutafutia, yatakuja majibu mengi kupita kiasi, na si yote yake. Babu yake alikuwa na jina hilohilo, Henry Cabot Lodge, naye alikuwa seneta wa Massachusetts. Ndiye aliyeupinga Mkataba wa Versailles na Shirikisho la Mataifa mwaka 1919. Ndugu yake, John Davis Lodge, alikuwa gavana wa Connecticut kisha balozi Hispania. Kwa hiyo Lodge wa nyaraka za 1919 ni babu, na Lodge wa Madrid katika miaka ya 1950 ni ndugu. Kazi nyingi za wanafunzi huwachanganya watu hawa watatu. Dawa yake ni kutotafuta kwa jina kabisa. Tafuta kwa juzuu.

Juzuu za kumfuatia Lodge ni hizi. Umoja wa Mataifa: 1952–1954 juzuu ya III, 1955–1957 juzuu ya XI, 1958–1960 juzuu ya II. Vietnam: 1961–1963 juzuu ya III na ya IV, kisha 1964–1968 juzuu ya I mpaka ya V. Kwa Paris, 1969–1976 juzuu ya VI. Anwani za tovuti zimejengwa kwa mpango usiobadilika, na ukiuelewa hutahitaji tena kisanduku cha kutafutia: history.state.gov/historicaldocuments/ kisha frus1961-63v03, yaani miaka halafu namba ya juzuu, kisha mkwaju na herufi d na namba ya waraka. Ukitaka waraka unaofuata, badilisha namba tu. Ni njia ya haraka kuliko kurudi kwenye faharasa kila mara, khasa mtandao ukiwa wa kusuasua.

Ukishafika kwenye juzuu, usianze na nyaraka. Mbele kuna orodha mbili, ya vifupisho na ya watu, na bila ya hizo telegramu za Saigon hazisomeki. GVN ni serikali ya Vietnam Kusini. ARVN ni jeshi lake. Deptel ni telegramu iliyotoka wizarani kwenda ubalozini, Embtel ni iliyotoka ubalozini kwenda wizarani. CAS ndiyo inayowaponyoka wengi: ni jina la kujificha la maofisa wa CIA ndani ya telegramu. Asiyeijua hudhani ni idara ya kawaida ya ubalozi, na hapo anakosa kuona kwamba mawasiliano na majenerali wa Saigon hayakupita mkononi mwa balozi moja kwa moja, bali kwa ofisa wa CIA, Lucien Conein.

Sasa tufike kwenye waraka ambao peke yake unatosha kuipa huduma hii sifa yake: juzuu ya III ya 1961–1963, waraka namba 281. Ni Deptel 243 ya tarehe 24 Agosti 1963, kutoka Washington kwenda kwa Lodge. Inamwambia kwamba Marekani haiwezi kuvumilia Ngo Dinh Nhu, ndugu wa Rais Diem wa Vietnam Kusini, aendelee kushika madaraka. Kwamba Diem apewe nafasi ya kumwondoa. Na kwamba akikataa, Marekani lazima ikubali kuwa huenda Diem mwenyewe hatobakia. Majenerali waambiwe hivyo.

Maneno ya telegramu yenyewe yananukuliwa kila mahali. Kile ambacho muhtasari haukupi, na FRUS inakupa, ni tanbihi ya chanzo iliyo chini ya waraka. Humo utaona nani aliyeandika (Roger Hilsman wa wizara), nani aliyeidhinisha (Averell Harriman, naye wa wizara), na nani walioafiki (Michael Forrestal wa Ikulu na George Ball wa wizara). Sasa angalia nani hayumo. Waziri wa Mambo ya Nje Dean Rusk hayumo. Alikuwa New York. Waziri wa Ulinzi McNamara na mkuu wa CIA McCone hawakuwemo mjini. Ilikuwa Jumamosi, na rais alikuwa mapumzikoni Hyannis Port, akaulizwa kwa simu. Basi hoja nzima ya wanahistoria, kwamba uamuzi mkubwa kiasi kile ulipita mlango wa nyuma siku ya mapumziko, imekaa kwenye mistari michache ya tanbihi. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kuutumia mkusanyo huu ni kusoma tanbihi kabla ya waraka. Nani kaandika, nani kaafiki, nani kapelekewa nakala, kiwango gani cha siri, na muda gani umetumwa.

Linganisha pia tarehe. Lodge aliingia Saigon tarehe 22 Agosti. Telegramu ilitumwa 24. Hati zake za utambulisho alizikabidhi kwa Diem tarehe 26. Yaani balozi alikuwa na maagizo juu ya hatima ya rais kabla hajamkabidhi rais huyo hati zake. Tarehe ya kukabidhi hati utaipata kwenye tovuti hiyohiyo, sehemu ya watu wa wizara, ambako kila balozi ana ukurasa wake mfupi wenye tarehe za kuteuliwa, kukabidhi hati na kuondoka kituoni. Ukurasa huo ni mkavu, lakini ni wa kuaminika na unafaa sana kusahihisha tarehe zilizokosewa kwingine.

Ukimaliza juzuu ya III, usidhani Agosti imekwisha. Juzuu ya IV inaanzia siku za mwisho za mwezi huohuo, na humo ndimo ilimo telegramu ya Lodge ya tarehe 29 Agosti, anayosema kwamba tayari wameshaingia njia isiyokuwa na namna ya heshima ya kurudi nyuma, nayo ni ya kuiangusha serikali ya Diem. Anayesoma juzuu ya III peke yake huiacha telegramu hii, halafu huandika kwamba Lodge alikuwa mtekelezaji tu wa maagizo ya wengine. Telegramu ya tarehe 29 inaonesha balozi anayesukuma, si anayesukumwa.

Jambo linaloharibu kazi nyingi zaidi ni saa. Telegramu za Saigon zina saa ya Saigon, na za Washington zina saa ya Washington. Mwezi wa Agosti 1963 tafauti ilikuwa saa 12, kwa sababu Washington ilikuwa kwenye saa za kiangazi. Mwishoni mwa Oktoba Washington ilirudisha saa nyuma, na tafauti ikawa saa 13. Mapinduzi ya majenerali dhidi ya Diem yalianza tarehe 1 Novemba saa 7:30 mchana kwa Saigon. Washington ilikuwa saa 6:30 usiku wa kuamkia tarehe hiyohiyo. Msomaji wa Kiswahili ana kazi ya ziada, kwa sababu 1:30 ya kwenye waraka lazima kwanza aigeuze kuwa saa 7:30, ndipo ahesabu tafauti ya miji. Fanya hesabu zote kwenye karatasi kwa mfumo wa waraka, panga nyaraka kwa mfuatano, halafu ndipo ugeuze kwa saa zetu unapoandika. Ukigeuza katikati ya hesabu utaweka jibu kabla ya swali.

Hata Lodge mwenyewe aliteleza hapo. Jioni ya tarehe 1 Novemba, saa 10:30 kwa Saigon, Diem alimpigia simu kuuliza msimamo wa Marekani. Ripoti ya mazungumzo hayo imo kwenye juzuu ya IV, na ni moja kati ya nyaraka fupi zinazobana moyo kuliko zote mkusanyoni. Lodge anajibu kwamba hana taarifa za kutosha, na kwamba Washington ni alfajiri saa 10:30, kwa hiyo serikali yake haiwezi kuwa na kauli. Kwa hesabu ya saa 13 ilikuwa saa 9:30. Kosa hilo halibadili maana ya jibu lake, lakini mwanafunzi anayetegemea saa aliyoitaja Lodge kupanga nyaraka za usiku ule atazipanga vibaya. Asubuhi ya pili Diem na Nhu walichukuliwa kutoka kanisani Cholon na kuuawa ndani ya gari la deraya. Baada ya wiki tatu kasoro siku, Kennedy naye aliuawa Dallas.

Kasoro za huduma ni mbili za kweli. Ya kwanza ni mapengo. Ndani ya nyaraka utakuta mabano yenye maandishi ya mlalo yanayokwambia mstari mmoja au aya nzima haijaondolewa siri. Usiyaruke, na usijaze kwa kukisia. Yahesabu: yakirundikana kwenye waraka mmoja, mara nyingi unagusa kazi ya CIA au jina la mtoa habari. Ya pili ni umri wa juzuu. Zile mbili za Vietnam 1963 zilichapishwa 1991, na baada ya hapo zimetoka kanda za sauti za Ikulu ambazo wahariri hawakuzitia. Iliyo muhimu zaidi ni ile Kennedy aliyojirekodi mwenyewe tarehe 4 Novemba 1963, akikubali kwamba serikali yake inabeba sehemu kubwa ya dhamana ya mapinduzi yale, kuanzia na telegramu ya Agosti. Imo kwenye Maktaba ya Kennedy, Boston, na husikilizwa bure kwenye tovuti yao. Anayeandika juu ya Lodge na Diem bila ya kuisikiliza, kazi yake ina pengo.

Kwa miaka ya Umoja wa Mataifa, FRUS inakupa upande wa ndani tu: maagizo kutoka Washington na ripoti za Lodge. Hotuba zake za hadharani tafuta kwenye Maktaba ya Kidijitali ya Umoja wa Mataifa, digitallibrary.un.org, katika kumbukumbu za mikutano ya Baraza la Usalama. Tarehe 26 Mei 1960 ndiyo ya kuanzia. Siku hiyo Lodge alilionesha Baraza nembo ya Marekani ya kuchongwa kwa mbao, zawadi ya Wasovieti kwa balozi Harriman kule Moscow mwaka 1945, akaifungua na kuonesha kidude cha kunasa sauti kilichofichwa ndani. Ni Harriman yuleyule aliyeidhinisha Deptel 243. Na ukitaka kumwona Lodge akizungumza faragha na mpinzani wake, soma juzuu ya X sehemu ya 1 ya 1958–1960: Septemba 1959 alipewa kazi ya kumsindikiza Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, katika ziara yake Marekani nzima, na maelezo ya mazungumzo yao yamo.

Useneta ndipo huduma inapokwama. FRUS ni ya mambo ya nje, na seneta huingia humo kwa nadra, akialikwa kikao. Mambo makubwa ya Lodge Seneti hayatoonekana: sheria ya Juni 1950 yenye jina lake iliyoruhusu wageni kujiunga na jeshi la Marekani, wala pendekezo lake la kubadilisha namna ya kuhesabu kura za wajumbe wa kumchagua rais, lililopita Seneti mwaka huohuo kwa kura 64 dhidi ya 27 kisha likazuiwa na Baraza la Wawakilishi. Kwa haya nenda govinfo.gov, kwenye kumbukumbu za mijadala ya Bunge la Marekani. Tahadhari na mafaili: ni PDF za kurasa zilizopigwa picha, nzito, na kuzipakua kwa bando la siku ni hasara. Zipakue chuoni, SUZA au kwengine penye mtandao wa bure. Tarehe za kuingia na kutoka Seneti zimo bioguide.congress.gov, ukurasa mmoja mwepesi. Karatasi zake binafsi ziko Massachusetts Historical Society, Boston, na hizo si za kusoma kwa simu.

Kwa wa Pemba na kwengine ambako mtandao si wa uhakika, kila juzuu kubwa ina kiungo cha kupakua kitabu chote kwa muundo wa EPUB. Pakua mara moja, fungua kwa programu yoyote ya kusomea vitabu, na tanbihi zitafanya kazi bila ya intaneti hata umeme ukikatika. Viungo vinavyokwenda juzuu nyengine havitafanya kazi, basi pakua ya III na ya IV kwa pamoja. PDF iache kama huna haja nayo. Kwenye kioo cha simu herufi zake ni ndogo na ukurasa unayumba.

Neno Zanzibar nalo linastahili kuandikwa kwenye kisanduku kile, baada ya Lodge. Miezi hiyohiyo ya uhuru wa Disemba 1963 na Mapinduzi ya Januari 1964, telegramu za wanadiplomasia wa Marekani waliokuwa hapa zilikuwa zikiingia kwenye wizara ileile iliyokuwa ikisoma za Lodge kutoka Saigon, wakati kituo chao cha kufuatilia vyombo vya angani kikiwa Tunguu. Mbinu za kusoma ni zilezile: tanbihi kwanza, saa, vifupisho, mapengo. Ila usisome upande mmoja. Yanayohusu visiwa hivi yapeleke pia kwenye Nyaraka za Taifa Kilimani, ambako upande wa serikali za hapa umehifadhiwa.

Mwisho ni namna ya kunukuu, maana walimu hukata alama hapo. Usiandike anwani ya tovuti peke yake. Taja jina la mkusanyo, miaka, juzuu, namba ya waraka, aina yake, mtumaji na mpokeaji, mji na tarehe. Namba ya ukurasa si lazima, kwa sababu kwenye EPUB kurasa hubadilika kwa ukubwa wa herufi. Namba ya waraka haibadiliki. Na ukinukuu kwa Kiswahili maneno ya telegramu, tia kwenye tanbihi yako kwamba tafsiri ni yako.